Unga wa oksijeni kwa nguo za chekechea: unatoa nini, unashindwa wapi

Mlangoni mwa chekechea asubuhi, jicho la mlezi hutua kifuani mwa mtoto kabla halijafika usoni. Pale kifuani pakiwa na duara la rangi ya chungwa lililokwisha kufuliwa mara kadhaa na bado lipo, mzazi huondoka akijiona ameshahukumiwa, hata kama mlezi hakutamka neno. Hofu hiyo ndiyo inayouza dawa za kutoa madoa. Kila kopo huahidi weupe, na ni machache yanayosema ni kwa doa gani, kwa maji ya joto gani, kwa muda gani. Hapa tunaupima unga wa oksijeni, ule wa kulowekea wenye pakaboneti ya sodiamu, kwa kazi moja tu: nguo za mtoto mdogo anayeshinda kituoni.

Tunaupa nyota 4 kati ya 5. Ya tano imeponyoka kwa sababu makopo mengi yana kiasi kidogo cha dawa yenyewe, na kwa sababu yapo madoa ya kila siku ya watoto ambayo unga huu hauyawezi. Mojawapo ukililazimisha unaweza kubaki na tundu badala ya doa.

Kilichomo ndani ya kopo

Pakaboneti ya sodiamu ikiingia majini hutengana ikawa vitu viwili: hidrojeni peroksaidi, ambayo huvunja rangi ya doa, na kaboneti ya sodiamu, ambayo huyafanya maji yateleze na kulegeza mafuta. Karibu theluthi moja ya uzito wa pakaboneti safi ni hiyo peroksaidi. Kwa hiyo dukani usianze na jina la kampuni, anza na asilimia. Pakiti za unga safi hukaribia 100. Makopo yenye picha za kupendeza na harufu nzuri mara nyingi huandikwa 15 hadi 30, na kilichobaki ni magadi, chumvi ya kujazia, sabuni na manukato. Piga hesabu: kijiko kimoja cha chakula kilichosawazishwa hubeba kama gramu 15. Unga ukiwa na asilimia 20, ndani ya kijiko hicho mna gramu 3 tu za dawa. Ili kufikia nguvu ya kijiko kimoja cha unga safi utahitaji vitano, na hapo kopo la bei nafuu huacha kuwa nafuu.

Unga wa mchanganyiko una faida yake, hata hivyo. Baadhi huwa na vimeng'enya, yaani vitu vinavyomeng'enya protini na mabaki ya chakula, na pia kichocheo kiitwacho TAED kinachoifanya peroksaidi ichape kazi kwenye maji ya nyuzi 30 hadi 40. Unga safi kwenye maji hayo huzubaa. Wenyewe unataka nyuzi 50 hadi 60. Asiye na njia rahisi ya kuchemsha maji achukue mchanganyiko wenye TAED. Mwenye birika achukue unga safi na asilipie manukato.

Dawa za maji za kupulizia zenye neno "oksijeni" kwenye lebo ni kitu kingine kabisa. Nyingi zina peroksaidi kidogo au hazina, na kazi kubwa hufanywa na sabuni na vimeng'enya. Zinafaa kwa doa bichi la dakika tano zilizopita. Kwa doa la wiki jana ni kupoteza muda.

Namna ya kuloweka

Suuza kwanza kwa maji baridi, ukielekeza maji upande wa nyuma wa doa ili mkondo uusukume uchafu urudi ulikoingilia. Hatua hii hairukwi, hasa kwa maziwa, damu, yai na kinyesi. Protini ikikutana na maji ya moto huganda ndani ya uzi kama yai kikaangoni, na ikishaganda hakuna kopo litakalokusaidia haraka.

Kisha tengeneza maji. Bila kipimajoto, changanya kiasi sawa cha maji yanayotokota na maji ya bomba, utapata karibu nyuzi 60. Sehemu moja ya moto kwa mbili za bomba hutoa kama nyuzi 48. Tanguliza ya baridi kwenye beseni, na beseni liwe la plastiki, si la chuma. Mtoto asiwe karibu. Weka kijiko kimoja cha unga safi kwa kila lita, viwili kwa nguo nyeupe zilizofubaa, ukoroge mpaka chembe ziishe, ndipo uingize nguo. Chembe isiyoyeyuka ikikaa juu ya kitambaa cha rangi huacha kidoti kilichopauka. Wengi wanaolalamika kwamba unga "umeunguza" nguo ni wale walionyunyizia unga juu ya nguo iliyokwisha kulowa.

Zamisha nguo zote, weka sahani juu zisielee. Za rangi zinatosheka na saa moja, ukizikagua kila baada ya dakika 20. Pamba nyeupe iache saa 4 hadi 6. Kulaza usiku kucha hakuiharibu pamba nyeupe, ila faida yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani: maji yakipoa kazi hupungua sana, na baada ya saa kadhaa peroksaidi yenyewe imekwisha. Kumwaga na kuloweka upya kwa maji mapya ya moto kunashinda kuacha beseni kutwa nzima. Baada ya hapo fua kwa sabuni yako ya kawaida na usuuze mpaka maji yasiteleze vidoleni, kwa kuwa mabaki ya magadi huwasha ngozi ya mtoto. Glavu ni muhimu, na unga ukirukia jichoni osha papo hapo kwa maji mengi, kisha umwone daktari.

Kabla ya nguo ya rangi, jaribu: tone la maji ya dawa kwenye pindo la ndani, dakika 10, kisha bonyeza kwa kitambaa cheupe. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, usiiloweke. Sufu na hariri hazilowekwi hata kwa jaribio. Nguo zenye vifungo vya chuma vya kubana, ambazo ndizo nyingi kwa watoto wachanga, zisizidi nusu saa, na zipu za chuma zibaki nje ya maji.

Maji yaliyobaki mwaga. Usiyahifadhi kwenye chupa yenye kifuniko, maana oksijeni huendelea kutoka na chupa huweza kupasuka. Kijiko chenye unyevu nacho kisirudi ndani ya kopo.

Doa kwa doa

Kwenye juisi, matunda ya zambarau, chai na mboga za majani, unga huu hauna mpinzani. Saa moja kwenye nyuzi 50 humaliza doa la siku hiyo hiyo. Kosa linaloharibu kazi ni kutangulia kulifikicha doa la tunda kwa sabuni ya kipande. Sabuni ya aina hiyo huweza kulishikiza doa la tunda, nawe unahangaika baadaye na kivuli cha kahawia. Suuza kwa maji baridi tu, kisha nenda moja kwa moja kwenye beseni.

Ndizi inahitaji maneno zaidi, kwa sababu ndiyo inayowadhalilisha wazazi kuliko chakula kingine. Ikiwa mbichi kwenye nguo haionekani. Unaisuuza, unaanika, na kesho yake pametokea mikwaruzo ya kahawia kana kwamba nguo haikufuliwa. Ni kile kile kinacholifanya tunda lenyewe kugeuka rangi likikatwa: mabaki yaliyobaki kwenye uzi yanaendelea kukutana na hewa. Kwangua yote, suuza kwa maji baridi, loweka saa moja kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 40 yenye sabuni ya unga ya vimeng'enya, halafu ndipo unga wa oksijeni kwa nyuzi 60. Mpangilio huo usiugeuze, kwani maji ya nyuzi 60 na peroksaidi huvidhoofisha vimeng'enya. Ukifanya hivyo siku ile ile, doa hutoka. Utomvu wa ganda la ndizi mbichi ni habari nyingine. Huo humshinda karibu kila mtu.

Maziwa aliyocheua mtoto huwa na tabia inayofanana. Nguo huwekwa sandukuni ikiwa nyeupe, na anapozaliwa mdogo wake inatolewa ikiwa na mabaka ya manjano shingoni. Ni mafuta na protini zilizobaki, zikazeeka gizani. Kwa mabaka hayo unga huu ni dawa bora kuliko yoyote iliyo salama kwa kitambaa: vijiko viwili kwa lita, nyuzi 60, saa 6, kisha rudia. Mara nyingi raundi ya pili ndiyo inayomaliza, kwa hiyo usikate tamaa ukiona njano bado ipo baada ya ya kwanza. Kinyesi hufuata njia ya ndizi, vimeng'enya kwanza.

Karoti, boga, papai na nyanya ndiyo yale maduara ya chungwa ya kifuani. Hapa unga unastahili alama ya wastani. Rangi hizo hupenda mafuta, hazipendi maji, na zikiingia kwenye plastiki au kitambaa chenye poliesta hujificha humo. Paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye doa kavu, ifikiche kwa vidole, iache dakika 15, suuza kwa maji ya vuguvugu, fua. Kilichobaki kipeleke juani kikiwa bado na unyevu, doa likitazama juu, saa 2 hadi 4. Mwanga wa jua huvunja rangi hizo bila gharama yoyote, na hata siku ya mawingu husaidia, polepole. Nguo ya rangi kali itapauka kidogo, kwa hiyo igeuze mara tu doa likipotea.

Manjano ya viungo hushtua. Ukiiweka kwenye maji ya unga huu hugeuka nyekundu ya damu, kwa sababu maji hayo ni ya magadi, na manjano hubadilika rangi yakikutana na magadi. Si kwamba umeharibu. Ikisuuzwa vizuri hurudi kuwa ya manjano, na jua humalizia.

Rangi za kuchorea za kituoni zigawe kwa aina. Rangi ya maji ya watoto hutoka kwa maji baridi na sabuni ikiwa haijakauka, na nyekundu na buluu ndizo zinazosumbua. Hapo beseni la oksijeni hupunguza kivuli. Akiriliki ikikauka ni plastiki. Haitoki kwa unga wowote, usitumie kopo zima. Kalamu za wino zinataka spiriti: weka kitambaa chakavu chini, dondosha juu, bonyeza bila kusugua, hamisha kitambaa kila kinaposhika rangi. Majani ya uwanjani vilevile, spiriti kisha vimeng'enya.

Krimu nyeupe ya nepi, yenye oksidi ya zinki, hufukuza maji, na unga wa oksijeni hauna la kufanya nayo. Sabuni ya vyombo na mswaki laini, kabla maji hayajagusa. Krimu ya kujikinga na jua ni mbaya zaidi: zile zenye avobenzoni, kemikali ya kuzuia miale ya jua, hukutana na chuma kidogo kilicho ndani ya maji ya kufulia na kuacha mabaka ya rangi ya kutu kwenye kola. Watu huona kutu, hukimbilia dawa ya weupe ya klorini, na mabaka hukolea.

Hilo linatufikisha kwenye dawa ya matone ya madini ya chuma, ambayo watoto wengi hupewa. Tone moja kwenye kitambaa huwa doa la kahawia ambalo ni chuma kwelikweli. Usilipeleke kwenye unga wa oksijeni. Chuma huichochea peroksaidi ivunjike kwa kasi palepale kilipo, na kinacholiwa si doa tu bali uzi wa pamba wenyewe. Vitundu vidogo huonekana baada ya kufua mara moja au mbili. Klorini nayo hulishikiza. Dawa yake ni asidi: kijiko kimoja cha chai cha unga wa asidi ya limau kwenye nusu kikombe cha maji ya vuguvugu, dakika 30, suuza sana, rudia. Juisi ya ndimu yenyewe hufanya kazi, kwa kuchelewa kidogo. Udongo mwekundu hupata rangi yake kwa chuma kilichokwisha kupata kutu, kwa hiyo nao una kanuni ile ile. Uache ukauke kabisa, upige kwa brashi, fua kwa sabuni, kisha asidi kwa kilichobaki.

Kwa nini si klorini

Wengi huanza na dawa ya klorini, ile wanayoiita jiki, kwa sababu ni rahisi na weupe wake huonekana mara moja. Kwa nguo za watoto ina kasoro tatu. Hugeuza uzi wa kunyumbuka kuwa wa manjano, na karibu kila soksi na kiuno cha suruali ya mtoto kina uzi huo. Hula rangi. Na ikikutana na mkojo uliokaa kwenye nepi ya kitambaa, au na siki na ndimu, hutoa gesi yenye sumu. Kuichanganya na unga wa oksijeni hakuongezi nguvu: zinauana, oksijeni inaondoka kama povu, na beseni linabaki na maji ya chumvi.

Mfuko uliofungwa

Mzazi anapokabidhiwa jioni mfuko wa plastiki wenye nguo yenye kinyesi, haijasuuzwa, fundo limekazwa, ni rahisi kudhani ni dharau. Kwa kawaida si hivyo. Mwongozo wa usafi unaofuatwa na vituo vingi hutaka nguo za namna hiyo zisisuuzwe kituoni, ila zifungwe na kurudishwa nyumbani, kwa sababu kusuuza husambaza vijidudu kwenye sinki na mikono ya mlezi anayehudumia watoto wengine. Tatizo ni saa ambazo doa limekaa humo. Fungua mfuko ukifika tu, usiusubirishe hadi siku ya kufua. Nguo yenye unyevu ikikaa siku moja au mbili ndani ya plastiki huingia kawa, na vile vidoti vyeusi ni vigumu kuliko doa lililokuwepo mwanzo.

Na macho ya walezi

Walezi wanaangalia, na wanatakiwa kuangalia. Vituo vingi humkagua mtoto anapopokelewa: ngozi, macho, homa, alama za kuumia, nepi. Mlezi anayegusa doa kwa kidole huenda anatazama kama ni bichi au kama nguo ina unyevu. Kinachomtia wasiwasi mtu mwenye mafunzo ni mambo yanayojirudia: harufu ya mkojo wa jana, nguo ile ile chafu siku baada ya siku, nguo nyepesi kwenye baridi, upele usiotibiwa. Doa lililofuliwa halimo. Lakini mlezi hawezi kutofautisha kwa macho doa la zamani na uchafu wa leo akiwa hatua tatu mbali, na hilo linamalizwa kwa sentensi moja wakati wa kukabidhi mtoto: "Mwalimu, hilo doa ni la zamani, nguo imefuliwa jana." Iseme bila kuomba radhi. Ukiomba radhi, unakubali kuna kosa.

Maneno yakijirudia, hasa mbele ya wazazi wengine, muombe pembeni: "Mwalimu, naomba unieleweshe. Kuna utaratibu wa mavazi hapa ambao siujui?" Kama upo, atautaja. Kama haupo, atajua umesikia.

Yapo pia ya kukiomba kituo. Rangi ya maji ikichanganywa na matone machache ya sabuni ya vyombo kabla ya watoto kuishika, hutoka kwenye nguo kwa urahisi zaidi. Walimu wengi wanaujua ujanja huo na wachache huukumbuka. Uliza kama akiriliki inatumika, na siku gani, umvalishe mtoto ile fulana yenye madoa yasiyotoka, kwa makusudi, na umwambie mlezi kwamba ndiyo nguo ya kazi. Peleka jozi mbili za akiba zenye jina lake, pamoja na aproni ya mikono mirefu. Zile zisizo na mikono hulinda tumbo, na rangi huingilia kwenye kiwiko.